Kanga Bila Jina

 

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya tovuti, na namna ya kumfundisha mtu anayeanza. Najua mkono wa mmoja wenu umeshaanza kwenda kwenye kitufe cha kubadili stesheni. Subiri kidogo. Naanza na kanga.

Mfuate mama akienda kununua kanga. Muuzaji atamtandikia doti tano au sita mezani, nyekundu, za bluu, zenye korosho, zenye maua. Mama atatazama rangi, atakisugua kitambaa kwa vidole aone uzito wake, kisha atafanya lile jambo linaloamua biashara: atainama asome jina. Jina likimkera, anairudisha kanga. Likimgusa, au likimgusa jirani anayemkusudia, anafungua pochi. Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina. Kiwanda kinaweza kuchapa pindo lile lile na mji ule ule mara elfu, kikabadilisha jina tu, na kila jina likampata mwenyewe.

Ukilielewa hilo, umeshaelewa kile ambacho mafundi hukiita mfumo wa kusimamia maudhui. Miaka ya 1990 kurasa nyingi za tovuti ziliandikwa kwa mkono, maneno na alama za urembo vikiwa vimechanganyika kama mchele na chuya. Ukitaka kubadilisha bei ya chumba kimoja cha wageni, unamwita fundi. Mfumo huu ukaja ukavitenga. Pindo na mji vinakaa upande mmoja, ndiyo themu hiyo. Maneno, picha na bei vinakaa upande mwingine, kwenye hifadhidata. Mgeni akifungua ukurasa, mfumo unavishona pamoja papo hapo. Mwenye tovuti anaingia kwa paswedi yake, anaandika, anabonyeza kitufe cha kuchapisha, kazi imekwisha. Hakuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta.

Mifumo ya aina hii ni mingi. Unaotumika kuliko yote ni WordPress, uliotolewa tarehe 27 Mei 2003 na watu wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Hauuzwi, unauchukua bure. Leo zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa nao. Upo Drupal, ulioanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001. Na upo wa tatu, ambao Mswahili akisikia jina lake lazima atabasamu: Joomla.

Kisa chake ni hiki. Kampuni ya Miro ya Australia ilikuwa na mfumo ulioitwa Mambo. Ndiyo, Mambo, kama tunavyosalimiana vijiweni. Agosti 2005 mafundi waliokuwa wakiuandika walikosana na wakubwa juu ya nani awe na kauli. Wakaondoka kwa pamoja na kazi yao mkononi, maana leseni iliwaruhusu. Walipotafuta jina jipya, wakachukua neno la Kiswahili, jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja, wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza ili ulimi wa Kizungu usikwame. Septemba mwaka huo huo toleo la kwanza likatoka. Watu wakatoka kwenye Mambo wakaingia kwenye Jumla, na sisi wenye maneno hatukupigiwa hata simu.

Sina kinyongo. Neno ni kama moto: kumpa jirani kaa hakukupunguzii jiko. Ila hapa Tanga, pale soko la Mgandini, jumla ni gunia zima, na mwenye nyumba anayetaka kibaba kimoja cha mchele hana la kufanya na gunia. Mifumo hii imetufikia kwa jumla. Kazi ya mwalimu ni kulifungua gunia na kupima rejareja, kibaba kwa kibaba, mpaka mtu asiyewahi kugusa kompyuta aondoke na chakula cha siku hiyo.

Na hapo ndipo wengi wetu tunaofundisha tunapokosea. Nasema tunaofundisha kwa sababu na mimi nimo. Miaka niliyoanza, chumba cha kukodi kule Ngamiani, meza mbili na laptopu za kuazima, nilikuwa nikianza na mashine. Bonyeza hapa, sasa pale, chagua themu, weka plagini, zile programu ndogo za nyongeza. Kufika alasiri kila mwanafunzi ana tovuti inayong'aa, anapiga picha, anaondoka kwa furaha. Baada ya miezi mitatu nafungua zile tovuti moja moja. Nakuta lile chapisho la mfano linalokuja na mfumo, lenye salamu ya Kiingereza ya kuiamkia dunia, bado limekaa pale pale. Nakuta picha ya mnara wa jiji la ughaibuni kwenye tovuti ya muuza samaki. Moja ilikuwa na maneno ya Kilatini kutoka juu mpaka chini. Maneno hayo wasanifu huyatumia kujaza nafasi tu, na asili yake ni vipande vya maandishi ya Cicero wa Roma ya kale vilivyokatwakatwa. Mwenye tovuti hakuyafuta kwa sababu aliona yamependeza.

Kanga hizo, msikilizaji, zilikuwa na pindo na zilikuwa na mji. Jina hazikuwa nalo. Na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi darasa langu siku ya kwanza halina kompyuta. Kuna karatasi na kalamu. Wapo wanaonung'unika, wamelipa ada wamekuja kupewa daftari! Namwambia kila mmoja aandike kuhusu shughuli yake kama anavyotaka isomeke. Nikupe mfano wa mama mmoja kutoka Pangani, mwenye vyumba vitatu vya kulaza wageni. Aliandika: "Tunatoa huduma bora kwa wateja wetu katika mazingira tulivu na ya kuvutia." Nikamuuliza, "Mama, shikamoo tena. Hebu nifanye mimi ni mgeni, nimekupigia simu, niko Arusha, sijawahi kufika kwako. Niambie."

Akacheka, akaanza. Ukishuka stendi ya Pangani usikubali kubebwa kwenda mbali, kwangu unatembea dakika chache tu. Chumba kina neti na feni, kiyoyozi sina, lakini upepo wa mto unatosha. Umeme ukikatika nina taa za sola. Asubuhi kuna mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Ukitaka kwenda ng'ambo ya Bweni, unavuka kwa kivuko. Ukitaka kisiwa cha Maziwe niambie usiku, nikuulizie manahodha saa ya maji kupwa, maana bamvua likijaa kile kisiwa kinazama chote, utaona maji matupu.

Darasa zima kimya. Nikamwambia, "Mama, hiyo ndiyo tovuti yako. Andika hivyo hivyo ulivyosema." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa atoke nje na kanga ya kulalia. "Haya mambo ya nyumbani, mwalimu? Nani atayasoma?" Nikamjibu, anayepanga safari ndiye atakayeyasoma, kwa sababu "mazingira tulivu na ya kuvutia" kila mtu anayo, kuanzia Saadani mpaka Horohoro. Mkate wake wa kumimina ni wake peke yake.

Watu wa pwani tunajua kusema. Mtu wa barazani atakueleza bei ya machungwa ya Muheza mpaka uyasikie harufu. Mpe kibodi, anageuka karani. Anaandika kama barua ya kuomba kibali. Kumfundisha tovuti ni kwanza kumrudishia ulimi wake.

Wala kuchapisha si jambo geni hapa kwetu. Kule Magila, Muheza, wamisionari wa UMCA walikuwa wakitoa gazeti la Habari za Mwezi miaka ya 1890. Hapa Tanga mjini, enzi za Wajerumani, shule ya serikali ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na tangu miaka ya mwanzo ya 1900 hadi 1916 ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Lilikuwa gazeti la mtawala, hilo tusilifiche. Lakini ndani yake waalimu na makarani wa sehemu mbalimbali walipeleka habari za kwao: mvua, safari, sherehe, nani kafika na nani kaondoka. Vijana wa shule ile walifundishwa kuchapa. Ikiwa babu zetu waliweza kupanga herufi za risasi moja moja kwa vidole, tena kinyumenyume, mjukuu hana udhuru mbele ya kitufe.

Walifanya hivyo kwa Kiswahili, na hili linanileta kwenye lugha ya kufundishia. Mwanafunzi anayeanza anapigana vita viwili kwa wakati mmoja: mashine ni ngeni na Kiingereza cha kwenye mashine ni kigeni. Mpunguzie kimoja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo hoja ya kwamba kompyuta haisemi Kiswahili ilikwisha zamani. Mimi nafundisha kwa maneno yote mawili. Nasema nywila, nasema na paswedi. Nasema kusasisha, nasema na kuapdeti. Lengo ni kwamba mtu akienda nyumbani peke yake, akakuta neno la Kiingereza kwenye kioo, alitambue kama mtu anavyomtambua mkwe aliyevaa suti.

Jambo jingine la rejareja ni uzito wa picha. Simu janja ya leo inapiga picha ya megabaiti 4 bila kuona haya. Weka picha kumi za hivyo kwenye ukurasa mmoja, umemtwisha mgeni wako megabaiti 40. Mtu aliyeko Mkinga mwenye bando la megabaiti 100 umemla karibu nusu kabla hajaiona hata namba yako ya simu. Picha hiyo hiyo ukiipunguza kabla ya kuipandisha inabaki na kilobaiti 200 na macho hayatambui tofauti. Hili nalifundisha mapema kuliko rangi, kwa sababu ni adabu. Mgeni hatozwi nauli ya kuingia sebuleni. Na kwa sababu hiyo hiyo ya bando, mazoezi ya wiki mbili za kwanza tunayafanya ndani ya laptopu yenyewe, kwa programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva yake yenyewe, yaani mashine inayotunza tovuti na kuwafungulia wageni. Mwanafunzi anavunja, anafuta, anaanza upya, na hakuna senti iliyokatwa.

Sasa nifike penye machungu. Mfanyabiashara wa kanga wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alizipiga kanga zake alama: K.H.E., Mali ya Abdulla. Ukiona alama hiyo unajua nguo imetoka kwa nani, na hakuna wa kusimama sokoni akadai ni zake. Mzee yule alijua jambo ambalo wenye tovuti wengi hawalijui. Kuna rafiki yangu ana biashara ya kupeleka watalii kuona misitu na mapango. Alimlipa kijana amtengenezee tovuti, ikatengenezwa, nzuri, watu wakaanza kumpigia. Baada ya mwaka kijana akahama mji na namba akabadili. Tukaja kugundua kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la yule kijana, paswedi ya seva anayo yeye, na hata barua pepe ya kurudishia paswedi ni yake. Siku malipo ya mwaka yalipokwisha, tovuti ikazimika, na rafiki yangu hakuwa na mlango wa kugonga. Muda wote alidhani ni mwenye nyumba, kumbe mpangaji asiye na mkataba.

Kwa hiyo somo la funguo halisubiri mwisho wa kozi. Jina la tovuti linaloishia na .tz lina milango yake: co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, sc.tz kwa shule, ac.tz kwa vyuo, na ipo hata hotel.tz kwa wenye mahoteli. Mlango wowote utakaochagua, jina la mmiliki liwe lako, barua pepe iwe yako, na tarehe ya kulipia iandikwe ukutani karibu na kalenda ya mwezi wa Ramadhani. Fundi mpe ufunguo wake, mfumo unaruhusu: yupo msimamizi mkuu, yupo mhariri, yupo mwandishi, kila mmoja na mipaka yake. Ufunguo mkuu ubaki kwako. Tena usikubali themu au plagini ya wizi, ile inayouzwa mtaani kwa bei ya chapati wakati mwenyewe anaiuza ghali. Aliyevunja kufuli akakuletea nyumbani, huenda kabaki na ufunguo wa pili. Tovuti ngapi zimeamka asubuhi zinatangaza kamari!

Nasikia mtu ananiuliza: mwalimu, haya yote ya nini, na mimi nina Instagram na kundi la WhatsApp? Endelea nayo, wateja wako humo. Lakini hiyo ni meza uliyopangishwa kwenye soko la mtu. Siku akibadili taratibu, au akaifunga akaunti yako kwa kosa usilolijua, utaondoka na nini? Tovuti ni kibanda kidogo kwenye kiwanja chako. Watangazie watu sokoni, kisha waalike nyumbani. Ila ukialika, kumbuka sheria: ukikusanya majina na namba za wateja, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ukitaka kuendesha tovuti ya habari badala ya kuuza machungwa, kaulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwani kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018.

La mwisho ni kuamka asubuhi na kufungua duka. Mwaka 2017 serikali ilizindua tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 kwa mpigo, zote kwa mfumo mmoja, na maafisa habari na maafisa TEHAMA walifundishwa kuziendesha wenyewe. Ni darasa kubwa la wanaoanza katika nchi hii. Fungua ya Jiji la Tanga, kisha ya Muheza, kisha ya Pangani: pindo moja, mji mmoja, majina mbalimbali. Kanga tupu! Na ukitaka kujua tovuti yoyote, ya ofisi au ya mtu binafsi, kama ina mwenyewe au imeachwa, usitazame urembo. Tazama tarehe ya habari iliyo juu kabisa. Tovuti inayomkaribisha mgeni kwenye tamasha la miaka minne iliyopita ni duka lenye taa inayowaka na mwenye duka kafa.

Ndiyo maana kozi yangu haiishi siku ya cheti. Kila mwanafunzi ana siku yake moja ya wiki: anaingia, anasasisha mfumo na plagini, anatunza nakala ya tovuti nzima mahali pengine, na anaandika walau sentensi moja mpya. Nusu saa, haizidi. Mama wa Pangani kachagua Jumatatu, wageni wakishaondoka. Wiki iliyopita aliandika kwamba kivuko kilichelewa, kwa hiyo anayekuja na aanze safari mapema. Sentensi moja. Jioni ile ile, anasema, simu mbili zilipigwa, na wote wawili walianza kwa kumuuliza habari za kivuko.

Basi, msikilizaji, nikuombe jambo moja dogo. Usiku wa leo chukua karatasi. Andika mistari mitano: wewe ni nani, uko wapi, unauza au unafanya nini, kwa bei gani, na mtu akupateje. Msomee mtu wa nyumbani kwako. Asipoelewa, andika tena. Akielewa, nenda katafute mwalimu, na kabla hujamlipa muulize swali moja: jina la tovuti litasajiliwa kwa nani? Akikujibu "kwangu", muage kwa adabu, uende kwa mwingine.